Sketi ya kitanda cha 5 kwa 6: fundi kanizungusha, nikashona mwenyewe, nikaharibu. Nisaidieni kabla sijaigeuza mapazia ya jikoni

Mama Chumba na Sebule

Wakuu habari za jioni. Uzi huu nilitaka kuuleta mwezi uliopita ila nilikuwa na hasira na kitambaa, nikakificha kabatini tusionane.

Naishi chumba na sebule. Chini ya kitanda changu kuna mabegi mawili, beseni la vyombo vya wageni, ndoo ya unga, na jiko la mkaa ambalo halijawashwa tangu tununue gesi, lakini alilitoa mama mkwe kwa mkono wake, kwa hiyo haliendi popote. Mlango wa chumbani unatazamana na kitanda. Upepo ukipiga pazia, mgeni aliyekaa sebuleni anaona stoo nzima. Nikaamua nitafute sketi ya kitanda, kile kitambaa kinachozunguka kitanda kuficha vya chini, ambacho wengine wanakiita marinda ya kitanda. (Najua kuna watu washaanza kucheka hapo kwenye marinda. Chekeni mmalize, tuendelee.)

Nilianza na mtumba. Pale Ilala nikapata moja nyeupe, safi, lebo ya Marekani, imeandikwa 60 kwa 80. Nikapiga hesabu haraka haraka: inchi 60 ni futi 5, ndiyo yangu hii. Nyumbani ndipo nikakumbuka futi 6 ni inchi 72, si 80. Zikabaki inchi 8 zimejikusanya miguuni. Na kitanda changu kina ubao miguuni, kwa hiyo hata upande wa mbele haukuwa na pa kushukia.

Nikaenda kwa fundi. Simtaji, na wala si wa mtaani kwetu. Nikamwambia twende ukapime, akanijibu, "Dada, 5 kwa 6 si naijua, nipime nini?" Njoo kesho, njoo keshokutwa, umeme ulikatika, mjomba kafariki. Wiki ya nne nikapewa kitu ambacho hata kwa kuvuta hakikufika nusu ya kitanda. Nusu ya hela ilirudi, nusu nimemwachia Mungu.

Basi nikatoa cherehani ya mkono ya marehemu mama, ile nyeusi ya Singer, inashona mstari mmoja ulionyooka na haijui kingine. Nikanunua mita 3 na nusu za kitambaa cha pamba rangi ya maziwa, upana inchi 60. Hesabu yangu ilikuwa hivi: pembeni 72 mara mbili, miguuni 60, jumla inchi 204. Nataka frili, kwa hiyo mara mbili, 408. Toka sakafuni hadi juu ya mbao ya kitanda ni inchi 18, nikatoa 1 isiguse chini, ikabaki 17. Nikaongeza 2 za pindo na nusu ya mshono. Vipande saba vya inchi 19 na nusu, nikaviunga, nikavuta frili, nikashonea kwenye shuka kuukuu iliyokatwa 60 kwa 72, ile ya kulala chini ya godoro.

Siku tatu za jioni. Nikaweka. Ikaishia inchi 6 na nusu juu ya sakafu, kama suruali ya mwanafunzi aliyerefuka wakati wa likizo. Jiko la mama mkwe linachungulia vilevile.

Nimepima tena mara tatu, 17 yangu ni 17 kweli. Kosa liko wapi?

kijana_wa_geto

Mimi godoro langu liko chini sakafuni. Sketi nianzie wapi mkuu?

Mama Chumba na Sebule

Wewe anzia kwenye kitanda.

Mzee wa Pindo

Dada pole, na hongera kwa kuthubutu. Nimeshona miaka thelathini na kitu Tanga, sasa macho yamechoka, nakata tu na vijana wanashona. Naomba uniambie kitu kimoja: godoro lako linakaa JUU ya mbao za ubavuni, au linazama NDANI yake?

Mama Chumba na Sebule

Linazama ndani. Chaga, zile mbao za kubebea godoro, ziko chini kidogo, mbao zinalishika godoro lisiteleze.

Mzee wa Pindo

Basi kosa tumelipata, na si la futi kamba.

Ile shuka uliyoitandika inakaa juu ya chaga. Toka kwenye chaga, kitambaa kinapanda kwanza kwenye ukuta wa ndani wa mbao, kinavuka unene wa mbao, ndipo kinaanza kushuka nje. Wewe umehesabu kushuka tu. Kapime kutoka juu ya chaga hadi juu ya mbao, kisha unene wa mbao. Ukiniletea jibu lisilo kati ya inchi 5 na 6, mimi naacha ufundi.

Mama Chumba na Sebule

Nimetoka kupima sasa hivi. Kupanda inchi 4. Unene inchi 1 na nusu.

5 na nusu!!! Mzee, endelea na ufundi.

Mzee wa Pindo

Alhamdulillahi.

Sasa nikwambie ubaya mwingine. Hata ungeiongezea hizo 5 na nusu, isingekaa. Godoro likishuka ndani ya fremu linabanana na mbao, linaivuta ile frili na kuilaza. Halafu miguuni una ubao, pale haiwezi kupita kabisa. Mtindo huo wa shuka chini ya godoro ni wa vitanda ambavyo godoro liko juu wazi na miguuni hamna ubao. Vitanda vyetu vya mninga na mkongo vingi si hivyo.

Na nyongeza kwa wote wanaosoma: kitanda kuitwa 5 kwa 6 maana yake ni godoro linaloingia. Nje ya fremu ni kitu kingine, na kila seremala ana chake. Kimoja nilikipima upande wa kulia kina 75, kushoto 76. Fundi aliyemwambia dada "naijua" alikuwa analijua jina.

Baridi Kali

Wakuu, niko Minnesota, naomba nieleze kwa nini ule mtumba ulikuwa vile.

Huku kitanda cha kawaida ni fremu ya chuma nyembamba tu. Juu yake linakaa boksi la springi, limefunikwa kitambaa chepesi kisichopendeza, juu ya boksi ndipo godoro. Sketi inalala katikati ya boksi na godoro, inashuka moja kwa moja. Hamna mbao ya kuvuka. Kwa hiyo wenzetu wanachoficha kwanza ni lile boksi, sisi tunaficha stoo. Saizi yao ya watu wawili, ile wanaiita queen, ni 60 kwa 80, na sketi za dukani nyingi zinashuka inchi 14 au 15. Yenye 60 kwa 72 dukani huku sijaiona, kwa hiyo hata kwenye belo usitegemee sana kuikuta.

Ukiipata ya mtumba nzuri usiiache lakini. Fumua shuka ya katikati uitupe, bakia na frili. Kitambaa kinakuwa kimeshafuliwa mara nyingi, hakitarudi tena.

Bi Samadari

Assalaam aleikum. Nyinyi mnahangaika na inchi 18, mie kitanda changu ni samadari ya bibi yangu, hapa Unguja, kupanda nahitaji kigoda. Chini yake anaingia mtu akakaa kitako. Sisi tangu zamani chini ya kitanda ndiyo ghala, masanduku yote huko, na ilikuwa aibu mgeni kuliona ghala lako.

Mie nimetundika pazia. Sikusema sketi, nimesema pazia. Waya wa pazia ule wa springi uliovikwa plastiki, kulabu ndogo ndani ya mbao, mguu hadi mguu. Nikitaka sanduku nasogeza, nikimaliza narudisha. Sinyanyui godoro, sishikani na mtu. Wallahi hata sikujua kama lina jina la kizungu.

Mama Chumba na Sebule

Bi Samadari, subiri kwanza. Waya unaufunga ndani ya mbao au nje?

Bi Samadari

Ndani, mwanangu. Ukiufunga nje utaonekana kama duka la mangi. Ingia chini na tochi, kulabu zikae upande wa ndani wa mbao, inchi moja juu ya ukingo wa chini. Kitambaa kinatokea chini ya mbao tu, waya hauonekani.

Mzee wa Pindo

Hapo bibi kamaliza kazi. Na uzuri wake, dada, kitambaa chako hakijapotea. Mbao yako ina kimo gani?

Mama Chumba na Sebule

Inchi 6. Chini yake kuna 12 hadi sakafuni.

Mzee wa Pindo

Kulabu inchi moja juu ya ukingo, maana yake toka waya hadi sakafu ni 13. Toa 1 ya chini, unahitaji 12. Wewe una 17 iliyokwisha pindwa. Fumua shuka, kata sehemu ya juu yote iliyovutwa, bakisha inchi 13 na nusu kutoka kwenye pindo. Hiyo moja na nusu ndiyo njia ya waya: kunja robo ndani, kisha kunja tena inchi moja na robo, shona chini kabisa ya mkunjo. Usipige frili tena. Waya wenyewe utaukusanya.

Pima sakafu sehemu nne kabla ya kukata. Nyumba zetu za kupanga sakafu ina mteremko kwenda mlangoni, maji ya deki yanajua, wewe hujui. Ukikuta tofauti ya nusu inchi, fuata upande mfupi.

Na hiyo inchi 1 ya chini usiionee huruma. Kuna watu wanataka kitambaa kilale sakafuni kama gauni la harusi. Ukipiga deki, pamba inanyonya maji kama utambi, mwezi wa pili una mstari wa kahawia pindo zima.

Chuma cha Pasi

Nairobi hapa. Kwetu rinda ni gauni, so nilifungua hii thread nikidhani kitanda kimevalishwa dress 😂

Swali: mimi kitanda changu ni cha kisasa, hakina ubao wa miguuni, godoro liko juu. Nataka kitu plain, sipendi frills, inakaa kama keki. Nitumie material kiasi gani?

Mzee wa Pindo

Wewe una bahati, yako ni rahisi na ya kitambaa kidogo. Tuseme kushuka ni inchi 12 na kitanda ni 5 kwa 6. Usikate kwa upana wa kitambaa kama alivyofanya dada, kata kwa urefu, sambamba na ukingo. Kila kipande inchi 15 na nusu, yaani kama sentimita 40. Vitatu vinakula sentimita 120 kwenye upana wa 150. Kipande kirefu ni inchi 72 na mapindo yake, kwa hiyo mita 2 zinatosha, vyote vitatu, bila kiungo hata kimoja katikati. Linganisha na mita 3 na nusu za dada.

Inabaki tepe ya sentimita 30. Kata humo vibandiko viwili vya pembeni, viweke nyuma ya zile kona mbili za miguuni, mtu asione ndani pale vipande vinapoachana.

Tahadhari moja: njia hii ni ya kitambaa cha rangi moja. Kikiwa na maua yaliyosimama, maua yote yatalala ubavu. Kijana wangu mmoja alishona ya ndege, wote wakawa kama wamekufa.

Kuifunga tumia velkro. Upande laini shonea kwenye kitambaa, upande wa kukwaruza bandika kwenye mbao na upigie na pini za stepla. Usigeuze, maana ule wa kukwaruza ukiingia kwenye beseni la kufulia unanasa kila kitu na kuchana uzi.

Chuma cha Pasi

Ndege wamekufa 😂😂 Asante mzee, nimescreenshot.

neti_ya_bluu

Wakuu mmesahau kitu kikubwa. Chandarua. Mimi kila usiku nachomeka neti chini ya godoro pande zote. Niliwahi kuwa na ile ya shuka chini ya godoro; kila nikichomeka neti, mkono unaisukuma shuka. Baada ya wiki upande mmoja unaburuza chini, mwingine umepanda. Ya waya au ya velkro haina shida hiyo kwa sababu iko chini ya mbao, haikutani na mkono.

Halafu jamani tukumbuke, mbu mchana wanapenda kupumzika mahali penye giza na kimya. Mnawajengea gesti. Kila asubuhi itikise hiyo sketi na ufagie ndani.

Bi Samadari

Na upande wa kichwani usiufunge. Kitanda kiko ukutani, nani ataona? Acha hewa ipite. Kwetu huku kisiwani ukiziba pande zote nne, msimu wa masika mabegi ya ngozi yanaota ukungu wa kijani.

kijana_wa_geto

Mimi niulize la maana sasa. Dada alisema frili alivuta mwenyewe kwa cherehani ya mkono. Nina ya mama mzazi nyumbani, nikivuta uzi unakatika. Nimekata tamaa kabisa. Nashona pazia la dirisha, msicheke.

Mzee wa Pindo

Hakuna anayecheka, kijana. Mafundi wengi ni wanaume.

Unakata uzi kwa sababu unavuta kipande kirefu kwa mkupuo mmoja. Fanya hivi. Weka stichi ndefu kuliko zote ulizonazo. Legeza uzi wa juu kidogo. Shona mistari MIWILI, mmoja robo inchi toka ukingoni, mwingine nusu inchi. Mmoja hautoshi, marinda yatajipindua. Usirudishe nyuma mwanzo wala mwisho, acha mikia ya uzi. Na kila ukifika kama mita moja na nusu, kata, anza upya.

Kuvuta, shika nyuzi za chini tu, zile za bobini, zote mbili kwa pamoja. Mkono mmoja unashika uzi, mwingine unasukuma kitambaa taratibu kama unasogeza shanga. Ukihisi umekaza, acha, sambaza kwanza. Kabla ya yote, gawa kitambaa robo nne kwa chaki, na unakoshonea gawa robo nne, kisha kutanisha alama. Ukiacha kugawa, nusu ya kwanza itakuwa na frili nzito, na mwisho utakuta imebaki bapa kama chapati.

Mama Chumba na Sebule

Hilo la robo nne nililijua kwa machozi.

Nyongeza yangu kwa kijana: loweka kitambaa cha pamba kabla ya kukata, anika, piga pasi. Changu kilirudi karibu inchi moja kwa kila mita. Kwenye inchi 17 ni kama nusu inchi, unaona kidogo, lakini ukiwa umepima kwa tabu ni nusu inchi ya matusi.

Naingia kazini wikiendi hii. Nitaleta mrejesho.

Mama Chumba na Sebule

Mrejesho, wakuu.

Jumamosi asubuhi nimefumua. Kufumua kumechukua muda kuliko kushona. Nimepima sakafu sehemu nne kama mzee alivyoagiza, na kweli, upande wa mlangoni kuna robo tatu zaidi. Ningekata kwa kipimo cha mlangoni, upande wa dirishani ungekaribia kugusa chini. Nimefuata upande mfupi.

Mguu hadi mguu pembeni ni inchi 70, miguuni 57. Kitambaa changu cha 408 kimetosha na kipande kimebaki, nimekifanyia kamba mbili za kufungia pazia la sebuleni.

Kasoro niliyoipata ni waya kulegea katikati. Inchi 70 ni ndefu, kitambaa cha pamba kina uzito, katikati ikashuka ikagusa chini. Bi Samadari hukuniambia hilo! Nimefumua stichi nne pale katikati ya ile njia ya waya, waya ukachungulia, nikaunasa kwenye kulabu ya tatu. Pia waya nimeukata mfupi kuliko nafasi, inchi 3 pungufu, ndipo ukakaza. Miguuni haukuhitaji kulabu ya kati.

Kulabu nazo ziligoma kuingia, mbao ya mninga si mchezo. Jirani kanipa kekee, nikatoboa kitundu kidogo kwanza, nikapaka sabuni ya mche kwenye nyuzi za kulabu, zikaingia kama siagi.

Neti naichomeka, sketi haisogei. Deki nimepiga leo, pindo kavu.

Bi Samadari

Kulabu ya kati kwangu iko tangu enzi za bibi, nimeisahau kabisa. Nisamehe mwanangu. Hongera.

Baridi Kali

Safi sana dada. Na mama mkwe kasemaje?

Mama Chumba na Sebule

Kaja jana baada ya kanisa. Kaingia chumbani kuweka mkoba, kaitazama, kaisifu rangi. Kisha kainama, kafunua upande mmoja, kaangalia jiko lipo, kairudisha vizuri, akatoka.